Lori Linamisi na Taa ya Injini Imewaka: Kupima Hatua kwa Hatua Kabla ya Kununua Kifaa

Lori limetoka Pongwe na saruji, linaanza kupanda kuelekea Muheza, injini inamisi (silinda moja au zaidi haichomi dizeli sawasawa), kichwa kizima kinatetemeka, moshi mweusi unafuata nyuma na taa ya njano ya injini imewaka. Dereva anapiga simu, na kabla hajamaliza kueleza, kuna mtu gereji ameshatoa hukumu: "Hizo ni injekta." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi ni waya ulioliwa na chumvi, mpira wa tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) uliopasuka au filta ya dizeli iliyoziba. Injekta (vipulizia dizeli ndani ya silinda) sita za mfumo wa komoni reli ni fedha inayoweza kulilaza lori wiki kadhaa, kwa hiyo zinashukiwa mwisho.

Hatua zilizopo hapa zinaanzia kipimo cha bure na kuishia kipimo cha gharama. Ukiruka hatua ya umeme ukakimbilia pampu, utarudi kwenye umeme hapohapo, ila utarudi huna hela.

Kwanza, unashika injini gani?

Malori yanayopita Tanga yana mifumo mitatu ya dizeli, na kipimo kilicho salama kwenye mmoja kinaweza kukuua kwenye mwingine.

Ule wa zamani ni wa pampu moja ya laini inayotuma dizeli kwa mabomba hadi kwenye nozeli: Fuso na Isuzu za miaka ya nyuma, na Howo za Euro 2 (daraja la zamani la usafi wa moshi) zenye injini ya WD615. Nyingi za hizi hazina kodi (namba za hitilafu zinazotunzwa na kompyuta ya injini) za kusoma. Ruka sehemu ya kodi, nenda kwenye dizeli, hewa na silinda.

Wa pili kila silinda ina pampu yake: Actros zenye OM501 na OM502, Volvo FH12, Scania kadhaa za nyuma. Umeme unaamua dizeli iingie lini na kiasi gani, lakini mgandamizo unatengenezwa na kemushafti.

Wa tatu ni komoni reli: Scania za XPI, Howo na FAW nyingi za Euro 3 kwenda juu, Fuso mpya. Hapa dizeli inakaa kwenye reli, bomba moja nene linalolisha injekta zote, kwa mgandamizo unaoweza kuzidi bar 1,600 injini ikifanya kazi. Usilegeze nati ya bomba la reli injini ikiwa inanguruma, hata nusu mzunguko. Mchirizi mwembamba usioonekana unatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, lakini ni dharura ya upasuaji: mtu apelekwe hospitali saa hiyohiyo, si kesho. Nyaya za injekta nazo zinabeba voliti nyingi kuliko za betri, kwa hiyo usizichomoe injini ikiwaka.

Kabla hujaingia chini ya kichwa, weka vigingi kwenye magurudumu, inua kichwa hadi mwisho na ufunge loki yake. Jeki ya haidroliki peke yake si loki.

Muulize dereva, kisha mchunguze utingo

Madereva wengi wanasema "haina nguvu" tu. Wabane kwa maswali. Inamisi asubuhi ikiwa baridi halafu inatulia? Fikiria hewa kwenye dizeli, kompresheni hafifu (silinda haibani hewa vizuri) au nozeli inayodondosha. Inamisi ikishapata moto, au inazimika kabisa halafu inawaka baada ya kupoa nusu saa? Sensa ya krenki iko juu ya orodha. Ipo sawa kwenye sailensi (ikinguruma bila kukanyaga mafuta) lakini inakufa ikibeba mzigo? Filta ya dizeli, filta ya hewa au mpira wa intakula (rejeta inayopoza hewa ya tabo). Ilianza baada ya kujaza mafuta? Maji au uchafu kwenye tenki. Baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha? Maji yameingia kwenye soketi. Baada ya kuchomelewa bodi au chesisi bila kutoa betri na soketi za kontroli boksi (kompyuta ya injini)? Hapo jiandae kwa habari mbaya.

Utingo naye anajua mambo ambayo dereva hayasemi: mafuta yalinunuliwa kwenye madumu njiani, filta ilibadilishwa lini kweli, nani alifungua nini. Muulize pembeni.

Kisha angalia moshi. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa liko upande wa hewa. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua: silinda haifanyi kazi au injini ni baridi. Mweupe wenye harufu tamu, na maji yanapungua kwenye rejeta, ni maji yanayoingia silinda. Wa bluu ni oili. Chomoa stiki ya oili: ikiwa kiwango kimepanda na oili ni nyepesi, inanuka dizeli, usiendelee kuendesha hata kwenda gereji ya jirani. Dizeli imeingia kwenye oili kupitia oringi za injekta au sili ya pampu, na beringi za krenki zitafuata. Fungua pia chupa ya maji injini ikiwa imepoa. Ukikuta utando wa dizeli juu ya maji, bushi ya injekta kwenye silinda hedi imepasuka. Mapovu yasiyoisha injini ikiwaka ni gasketi ya hedi au bushi hiyohiyo.

Umeme, na chumvi ya Tanga

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayomaliza kesi nyingi hapa pwani. Lori linalolala karibu na bandari au linalopakia chumvi linapata unyevu wenye chumvi kila usiku. Vumbi la saruji likikaa juu ya soketi na kunyonya unyevu huo, linaganda kuwa koti gumu linaloshika maji. Ndani unakuta pini zimeota ukungu wa kijani.

Anza na betri. Mfumo wa voliti 24 wenye betri mbili zilizojaa, injini ikiwa imezimwa saa kadhaa, usome 25.2 hadi 25.6. Pima kila betri peke yake pia, kwa sababu moja ikisoma 12.7 na nyingine 11.9, jumla inaweza kukudanganya. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 19 hivi. Injini ikiwaka, alteneta itoe kati ya 27 na 28.8. Kontroli boksi ikipata umeme mdogo inaanza kulalamikia sensa ambazo ni nzima. Kwa hiyo ukiona kodi SPN 168 au P0562, ambazo zote ni za umeme wa betri, shughulikia hizo kabla ya kodi nyingine yoyote.

Halafu pima athi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma) kwa kuangalia voliti inayopotea. Weka mita kwenye voliti, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha bloku ya injini, mwenzako apige stata. Usomaji ukizidi 0.5, athi ni mbovu. Rudia kati ya betri na chesisi, na kati ya chesisi na kichwa. Fungua nati, kwangua kutu hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Kupaka grisi juu ya kutu hakusaidii kitu.

Soketi za sensa zifunguliwe moja moja, si zote kwa mkupuo, ili usichanganye. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia mguso wa umeme. Petroli haiifai plastiki wala sili zake. Angalia pini zilizorudi nyuma: soketi inafungwa na kutoa mlio, lakini pini moja haigusi. Vuta kila waya taratibu kwa vidole viwili. Waya unaorefuka kama mpira umeoza ndani ya ganda. Fuata pia wayaringi pale inapopita kwenye mabano, nyuma ya injini na juu ya giaboksi. Mahali pa kusuguana ndipo pa kuchubuka.

Kusoma kodi kwa akili

Soketi ya kupimia ni ya duara yenye pini 9 kwenye malori ya Kimarekani na baadhi ya mengine, na ya pini 16 kwenye mengi ya Ulaya, Japani na Uchina. Hakikisha mashine yako ya kusomea kodi inakubali voliti 24. Vile vidude vya bei nafuu vinavyouzwa kwa magari madogo vingi vimetengenezwa kwa voliti 12, na vingine vinaungua palepale. Baadhi ya malori yanaonyesha kodi kwenye dashibodi yenyewe kupitia menyu, au kwa kuhesabu taa inavyopepesa baada ya kubonyeza swichi ya uchunguzi. Kitabu cha lori kinaeleza.

Mashine ikigoma kuongea na injini, zima kila kitu, toa betri, pima ukinzani kati ya waya mbili za mawasiliano: pini C na D kwenye soketi ya duara, pini 6 na 14 kwenye ya pini 16 iwapo watengenezaji wamezitumia. Unatakiwa upate omu 60 hivi, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120 vilivyofungwa sambamba. Ukipata 120, kimoja kimekatika au waya umekatika njiani. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Malori yaliyoingia kutoka Ulaya yakiwa yamefungwa kidude cha kudanganya mfumo wa AdBlue (dawa ya kusafisha moshi wa ekzosi) hupata shida hii mara kwa mara. Kidude kimeunganishwa kwa kuchubua waya na kuzungushia selotepu, na miaka miwili baadaye kiungo kimeoza.

Andika kodi zote kabla ya kufuta hata moja, na uandike kama ipo hai sasa hivi au ni ya zamani iliyohifadhiwa. Picha ya simu inatosha. Anayefuta kwanza ili "aone itakayorudi" anajinyima ushahidi, maana nyingine hazirudi hadi lori libebe mzigo hadi Segera.

Kodi nyingi za malori zina namba mbili. SPN inataja kitu, FMI inataja kitu hicho kina shida ya aina gani. Gereji nyingi zinasoma SPN tu na kununua sensa. FMI ndiyo yenye thamani:

FMI 0, 1, 15, 16, 17 na 18: kipimo chenyewe kimepanda au kimeshuka kupita kiasi. Waya na sensa huenda ni vizima, tatizo ni la kweli ndani ya injini.
FMI 2: usomaji unarukaruka, haueleweki. Soketi iliyolegea au waya uliochubuka.
FMI 3 na 4: voliti ya juu mno au ya chini mno. Waya, soketi au sensa.
FMI 5 na 6: mkondo mdogo mno, yaani waya umekatika, au mkubwa mno, yaani umegusa chuma.
FMI 7: amri imefika lakini chombo hakikutii. Kimekwama au kimechakaa.
FMI 31: hali hiyo ipo, soma maelezo ya mtengenezaji.

Chukua SPN 102, mgandamizo wa hewa ya tabo. Ikija na FMI 4, kagua waya na sensa, mipira iache. Ikija na FMI 18, sensa inasema ukweli kwamba hewa haitoshi, na kubadilisha sensa ni kumfukuza shahidi. Ndivyo ilivyo kwa SPN 157, mgandamizo wa reli: FMI 3 au 4 ni upande wa umeme, FMI 18 au 1 ni dizeli haifiki. Kwenye kodi za herufi P, tofauti hiyohiyo ipo kati ya P0192 au P0193 ambazo ni za voliti ya sensa ya reli, na P0087 ambayo ni reli kukosa mgandamizo kweli.

Nyingine za kukariri: SPN 94 mgandamizo wa dizeli upande wa chini, 97 maji kwenye dizeli, 100 oili, 110 joto la maji, 190 na 636 mzunguko wa injini na sensa yake, 651 hadi 656 injekta ya silinda ya 1 hadi ya 6. Kwa kodi za P, injekta ni P0201 hadi P0206, krenki P0335, kemu P0340, tabo kukosa nguvu P0299.

Sasa mambo mawili yanayookoa fedha nyingi. La kwanza: sensa nne au tano zikilalamika kwa pamoja kwa FMI 3 au 4, hazijafa zote siku moja. Zinashiriki umeme wa voliti 5 au athi moja kutoka kontroli boksi, na moja kati yao au waya wake umegusa chuma na kuushusha. Weka mita kwenye waya huo wa voliti 5, chomoa sensa moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiichomoa 5 inarudi, hiyo ndiyo. La pili: injekta tatu zikifa pamoja, hasa 1, 2 na 3, au 4, 5 na 6, usinunue injekta. Kwenye injini nyingi za silinda sita zimegawanywa makundi mawili, kila kundi na njia yake ya umeme. Waya mmoja ndani ya kifuniko cha tapeti ukigusa chuma, kundi zima linazimwa.

Fanya hili asubuhi, kabla injini haijawashwa

Lori likiwa limelala usiku kucha, washa swichi bila kupiga stata, fungua mashine kwenye usomaji wa moja kwa moja. Joto la maji, la hewa ya manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye silinda) na la dizeli yote yanatakiwa yalingane kwa tofauti ya digrii mbili tatu, kwa sababu vyote vimelala kwenye hewa moja. Asubuhi ya Tanga utaona ishirini na kitu. Sensa moja ikisoma digrii 40 chini ya sifuri, hakuna barafu Chumbageni. Waya umekatika au soketi imechomoka. Ikisoma 130 au zaidi wakati injini ni baridi, waya umegusa athi.

Kisha soma mgandamizo wa manifoldi. Injini haizunguki, kwa hiyo sensa inapima hewa ya kawaida tu. Tanga mjini, usawa wa bahari, isome karibu na kilopaskali 101. Ikisoma 130 inadanganya, na kontroli boksi itakuwa inamwaga dizeli kwa hewa ambayo haipo: moshi mweusi umeupata hapo. Lakini lori likipimwa Lushoto, juu ya mita 1,300, usomaji wa themanini na kitu ni wa haki kabisa.

Mwisho wa kipimo hiki, kanyaga pedali ya mafuta polepole hadi mwisho na uachie. Asilimia ipande kutoka sifuri hadi mia bila kuruka. Ikiruka, pedali ndiyo inayofanya lori lidunde.

Upande wa dizeli

Toa nusu lita kutoka kwenye bakuli la chini la filta ya maji, iweke kwenye chupa angavu, isubiri dakika ishirini. Maji yatakaa chini, na ukungu mweusi wenye utelezi kati ya maji na dizeli ni vijidudu vilivyoota kwenye tenki. Hapo tenki lishushwe lioshwe. Kubadilisha filta peke yake kutakurudisha hapohapo.

Hewa inayovutwa ndiyo mchawi wa malori mengi. Funga kipande cha mpira angavu, sentimita 30 hivi, kati ya filta ya kwanza na pampu ya kunyonyea, washa injini na uangalie dakika tano. Mapovu machache mwanzoni ni sawa. Yakiendelea, chomoa bomba la tenki na unyonyeshe injini kutoka kwenye dumu la lita 20 lenye dizeli safi. Mapovu yakiisha na injini ikatulia, kasoro iko kati ya tenki na pale: bomba la ndani ya tenki lililopasuka, oringi, au mpira uliochoka. Yasipoisha, tafuta kuanzia hapo kwenda mbele, na anza na pampu ya mkono, ambayo sili yake hupitisha hewa bila kuvujisha tone.

Jaribu pia kufungua kifuniko cha tenki lori linapokosa nguvu. Likivuta hewa kwa mlio na nguvu ikarudi, kitundu cha kupumulia kimezibwa na vumbi la saruji. Tiba ni waya mwembamba na dakika moja.

Filta mpya ya pili, ile inayolinda pampu na injekta, isijazwe dizeli ya dumu kwa juu kabla ya kufungwa. Dizeli hiyo inaingia upande uliokwishachujwa. Funga kavu, kisha jaza kwa pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Na usichukue filta kwa sababu uzi wake unaingia tu. Ya komoni reli inachuja chembe za mikroni chache sana, na ya bei ya kutupa huenda haifanyi hivyo hata kama rangi zake zinafanana.

Kwenye komoni reli, linganisha mgandamizo unaotakiwa na ulipo. Wakati wa kupiga stata, injini nyingi hazifungui injekta mpaka reli ifike bar 200 na kitu. Ikiwa sailensi iko sawa lakini pengo linafunguka ukibeba mzigo, dizeli haifiki kwa wingi: filta, bomba, pampu ya kunyonyea. Ikiwa ni chini muda wote, dizeli inavuja kurudi. Fungua bomba la kurudishia la valvu ya usalama ya reli. Kwa kawaida hapo pawe pakavu. Likitiririka, valvu imekwisha, na hiyo ni nafuu kuliko injekta moja.

Hewa na tabo

Geji ya filta ya hewa ikifika kilopaskali 6.2, au alama nyekundu, elementi ibadilishwe. Kwa lori la saruji usisubiri kilomita za kitabu. Ukilazimika kupuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa bar 2 tu, na ile elementi ndogo ya ndani usiiguse kabisa. Hiyo inabadilishwa, haipulizwi.

Mipira ya intakula ipimwe kwa presha, kuitazama hakutoshi. Ziba mdomo wa kuingilia na wa kutokea kwa vifuniko vilivyofungwa imara, tia hewa ya kompresa hadi bar 2 kupitia regileta, funga valvu, hesabu sekunde 15. Ikipungua zaidi ya bar 0.35 hivi, mwaga maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kila kona ya intakula. Usisimame mbele ya vifuniko. Utando mwembamba wa oili ndani ya mipira ni wa kawaida. Dimbwi si la kawaida. Shafti ya tabo iwe na mchezo kidogo wa pembeni bila bapa kugusa ukuta, na isiwe na mchezo unaohisika wa mbele na nyuma. Alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo cha manifoldi ya ekzosi ni nguvu ya tabo inayotorokea njiani.

Kuitafuta silinda iliyokufa

Kwa mashine nzuri, zima injekta moja moja kwenye sailensi. Silinda nzima ukiizima, mlio unabadilika na injini inayumba. Ukiizima na hakuna kilichobadilika, umeipata. Mashine nyingine zinaonyesha dizeli ya ziada inayopewa kila silinda ili kusawazisha. Inayopewa nyingi kupita wenzake ni dhaifu.

Huna mashine? Washa injini ikiwa baridi, ishike kwenye mizunguko 1,000, na baada ya dakika tatu nne elekeza kipimajoto cha miale kwenye mdomo wa kila tundu la ekzosi pale linapotoka kwenye hedi. Iliyobaki nyuma sana kwa joto ndiyo. Kwenye pampu ya zamani ya laini, na hiyo peke yake, unaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli nusu mzunguko kwa kitambaa mkononi.

Ukishaijua silinda, anza na kinachopimwa kwa mita. Zima injini, pima ukinzani wa koili za injekta zote. Za komoni reli za sumaku nyingi ni omu moja au pungufu, na mita za bei nafuu hazina uhakika hapo, kwa hiyo angalia usawa: iliyo tofauti na tano nyingine ndiyo ya kushuku. Kisha hamisha injekta, au soketi yake waya ukifika, kwenda silinda ya jirani. Kodi ikihama nayo, injekta ni mbovu. Ikibaki palepale, ni waya au kontroli boksi, au silinda yenyewe.

Kwa komoni reli ambazo kila injekta ina bomba lake la kurudishia linalofikika, zikamatie chupa ndogo sita zinazolingana na uache injini iwake dakika mbili kwenye sailensi. Inayojaza mara mbili au tatu ya wenzake inavuja ndani. Injini isipowaka, fanya hivyo ukipiga stata sekunde 15.

Kabla ya kulipia injekta, pima kompresheni ya silinda hiyo na mbili za jirani. Tofauti ya bar 4 na zaidi inamaanisha valvu, ringi au gasketi, na injekta mpya haitasaidia. Rekebisha pia tapeti (pengo la valvu). Kwenye WD615 ya kawaida, injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza ni milimita 0.30 na ya kutoa 0.40, kwa mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4. Zenye breki ya valvu zina kipimo cha ziada. Fuata kibandiko cha injini husika.

Injekta ikibadilishwa, bati la shaba la chini libadilishwe nalo, kiti kisafishwe hadi kung'aa, na boliti zikazwe kwa spana ya toki kwa namba za kitabu. Zenye kodi ya herufi zilizochongwa juu ziandikishwe kwenye kontroli boksi kwa mashine. Asiyefanya hivyo anabaki na injini inayotetemeka kwa injekta mpya, halafu muuza vipuri analaumiwa.

Lori halina nguvu lakini injini imetulia kabisa

Ikiwa haimisi, haitoi moshi, ila inagoma kupita kasi fulani, soma tena kodi. SPN 1761 ni kiwango cha AdBlue, SPN 5246 ni adhabu ya mfumo huo, SPN 3251 ni filta ya masizi ya ekzosi. Kontroli boksi imepunguza nguvu kwa makusudi. Hakuna dizeli wala tabo ya kutafuta hapo.

Baada ya kazi

Futa kodi, zima swichi, subiri dakika moja, washa. Lipeleke lori barabara ya Segera likiwa na mzigo, mwenzako akisoma mashine: mgandamizo wa reli unaotakiwa na uliopo, hewa ya tabo, joto la maji na voliti. Kulizungusha tupu Kange na kurudi hakuonyeshi kitu. Kwenye mzigo kamili, injini kubwa nyingi zisome kilopaskali 250 hadi 300 kwenye manifoldi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo cha dizeli kilichofunguliwa, na usome kodi tena. Ileile ikirudi na FMI ileile, hukuigusa sababu. Rudi kwenye hatua uliyoruka. Ikirudi na SPN ileile lakini FMI imekuwa 5, waya umechomoka mikononi mwako wakati wa kufunga.